Nilitaka Kumkomoa Mume, Nikaua Gari la Mke

Nimekosa, na sikukosa kwa kutojua. Anayekosa kwa kutojua ana nafuu yake, watu humwonea huruma. Mimi nilijua, nikanyamaza makusudi, na nilipokuwa nimenyamaza nilifurahi.

Jina langu halina kazi hapa. Nina gari la kuvuta magari mabovu, lile watu wanaliita bridauni, na naegesha Nalufenya, Jinja. Babu yangu alikuwa mmoja wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudani, ndiyo sisi tunaitwa Wanubi, kwa hiyo Kiswahili kwetu ni cha nyumbani. Wengine hapa Uganda wakikisikia wanakumbuka bunduki na vizuizi vya barabarani. Mimi nikikisikia namkumbuka bibi yangu akinifokea nioge.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa dharau. Kazi imenilea hivyo. Ukitaka kumjua mtu, mwone gari limemharibikia barabarani. Mwenye tai atapiga tairi teke, eti gari litaona aibu. Mwenye shahada atafungua boneti, atakodolea injini macho, atatikisa kichwa kama daktari, kisha atafunga. Wote nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Sinywi pombe, sivuti sigara. Starehe yangu ilikuwa kudharau watu, na sikuwahi kukosa wa kumdharau.

Sasa huyu niliyemkosea nitamwita Bwana Mkubwa, maana ndivyo alivyojiona. Alikuwa na kazi ya ofisini Jinja, kazi ikaisha, akawa anahamia Nakaloke, kule juu ya Mbale, kwenye nyumba waliyopewa na wazazi wa mke wake. Mwanamume anahamia kwa wakwe bila kazi, na bado amevaa suti ya kubebea masufuria! Alisimama uani akinyooshea vidole makabati. Hakunyanyua hata kijiko.

Lori la mizigo lilikuwa limeshajaa. Kilichobaki ni Noah ya zamani, zile zinazosukumwa na tairi za nyuma, na giaboksi yake otomatiki. Injini ilikuwa imechemka ikakataa kuwaka, na walikuwa wamepata fundi Mbale wa kuitengeneza. Kwa hiyo nikaitwa niivute.

Nisikilize vizuri hapa, maana dhambi yenyewe ndipo ilipo. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma halivutwi tairi hizo zikiwa zinabingirika chini. Zikizunguka, zinazungusha propela, kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari, na propela nayo inazungusha giaboksi. Injini ikiwa imezimwa, pampu inayosambaza mafuta ndani ya giaboksi otomatiki haizunguki. Vyuma vinasagana vikavu. Kuweka nyutro hakusaidii chochote, ingawa kila mjuaji atakuapia kwamba kunasaidia. Ukivuta hivyo kutoka gereji hadi gereji ya jirani, kwa mwendo wa pole, unaweza kupona. Ukivuta kutoka Jinja hadi Mbale, umeshapika.

Basi nikarudisha bridauni hadi matakoni mwa Noah ili niinue nyuma. Bwana Mkubwa akaja mbio, tai inapepea.

"Wewe nafanya nini?"

"Nainua nyuma, bwana. Hii nasukumwa na tairi ya nyuma."

"Ati gari yangu iingie kwa wakwe yangu na matako mbele? Wewe hapana adabu?"

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Huku kwetu mkwe anaogopwa. Mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hamkodolei macho, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Kumwonyesha mgongo ni matusi, na zaidi ya mgongo sitaji. Wazee wa mke walikuwa wanamngoja mlangoni Nakaloke, na yeye anaingia hana kazi, hana kitu, ila suti. Akaona tako la gari litahesabika kuwa tako lake. Nilimwona mjinga wa mwisho.

Lakini ujinga wake ulikuwa na dawa, nami nilikuwa nayo chini ya kiti changu: spana. Unalala chini ya gari, unafungua boliti za propela, unaitoa, unaziba tundu la giaboksi mafuta yasimwagike. Basi. Hapo unaweza kuinua mbele na tairi za nyuma zibingirike mpaka Sudani, giaboksi haijui kama kuna safari. Ni kazi ya muda wa kunywa chai. Gari lingeingia Nakaloke uso mbele, wakwe wangeheshimiwa, kila mtu angelala salama.

"Bwana, kuna njia ingine," nikaanza kumwambia.

Akaniinulia mkono usoni. "Nyinyi watu ya Kiswahili mnajua kitu moja tu, amri. Babu yako alipewa amri, baba yako alipewa amri. Kufikiri si yenu. Sasa mimi natoa amri. Inua mbele."

Wapakiaji wa lori wakacheka. Mmoja akapiga visigino chini kama askari, kushoto kulia, kushoto kulia.

Kilinichoma. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu shuleni, na kila mara nilikuwa najibu kwa ngumi au kwa ulimi. Siku ile nikajibu kwa namna nyingine. Nikasimama wima, nikaweka kiganja kipajini, nikasema, "Ndiyo, afande." Wakacheka zaidi, na yeye akacheka. Nikainua mbele. Propela sikuigusa. Moyoni nikamwambia, utacheka vizuri fundi akiifungua.

Yeye akapanda lori la mizigo, kiti cha mbele, akatangulia ili awahi kusimama mlangoni na wakwe. Mke wake akapanda kwangu. Nitamwita Mama Shamim. Ni mama wa makamo, ushungi mweupe, kikapu mapajani. Hatujafika hata kituo cha mafuta cha kwanza, ameshanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Aliposikia ukoo wangu akaniambia bibi mzaa mama yake naye alikuwa Mnubi, basi akaanza kuniita mwanangu.

Tukapita Iganga, tukakata kushoto barabara ya Tirinyi. Hapo ndipo akageuka kuitazama Noah nyuma yetu, akasema, "Mwanangu, kuwa pole na hiyo gari. Hiyo ndiyo mikono yangu."

Nikamuuliza kwa nini.

Akanieleza. Noah ilikuwa yake. Alikuwa mpishi wa pilau za harusi na za matanga, na gari lile alilinunua mwenyewe kwa kupika, sufuria baada ya sufuria, mume akiwa bado ofisini akimcheka kwa kunuka vitunguu. Ndilo lilibeba masufuria, kuni, kuku na wasaidizi wake. Ofisi ilipomtema mume, lile gari ndilo lililowalisha. Nakaloke alikuwa ameshapata harusi za kuanzia, kwa ndugu na majirani. "Bwana yangu anasema gari yake," akasema akicheka kidogo. "Wacha aseme. Mwanamume akibaki na neno, mwachie neno."

Nilipaswa kusimama pale pale. Kando ya barabara palikuwa na nafasi, spana zilikuwa chini ya makalio yangu. Lakini kusimama maana yake ilikuwa kumwambia: Mama, nimekuwa nalichoma gari lako tangu Jinja, kwa sababu mume wako alinitukana. Ningeanzaje? Nikajiambia labda limeshaungua, hakuna faida. Nikajiambia labda halijaungua, basi litafika. Mwoga hakosi hesabu.

Tulipokaribia Namutumba harufu ikaingia dirishani. Anayeijua haisahau, mafuta yaliyoungua na chuma ndani yake.

"Nini hiyo inanuka?" akauliza.

"Breki ya lori iko mbele, mama."

"Na hizo tairi ya nyuma, ni sawa zinatembea chini hivyo?"

Kumbe aliona. Mama wa vitunguu aliona kile ambacho mwenye suti hakuona, na aliniuliza mimi kwa sababu aliniamini. Nikamwambia ni sawa kabisa, hii ni kazi yangu, wewe kula mandazi. Akala mandazi. Akanipa na mimi, na nikala.

Nakaloke tuliingia uso mbele kama ilivyoamriwa. Wakwe walikuwa mlangoni kweli, vigelegele vikapigwa, Bwana Mkubwa akanyoosha tai akapokea pongezi za gari. Nilimwangalia nikitafuta ile furaha yangu ya asubuhi. Haikuwepo. Nikafungua cheni, nikaondoka kabla chakula hakijaiva.

Baadaye Mama Shamim akanipigia simu. Injini imetengenezwa, inaunguruma vizuri, lakini ukiweka gia gari linasimama tu, halitaki kwenda mbele wala nyuma. Fundi amefungua giaboksi, ndani kumekuwa kweusi na vyuma vimekatika. Fundi alitaka kuuliza lilivutwaje, ila Bwana Mkubwa akamkatisha, akasema mbele ya wakwe kwamba hiyo ndiyo faida ya mwanamke kununua gari, amenunua mkebe. Basi Mama akaniuliza mimi, kwa kuwa naijua kazi, kitu gani kingeweza kuleta hivyo.

Hapa nilipewa nafasi ya pili. Wengi hawapewi.

Nikamuuliza, "Mama, mafuta ya giaboksi ulibadilisha lini?"

Akasema, "Hayo pia hubadilishwa?"

"Hubadilishwa, mama."

"Kumbe ni mimi," akasema. "Basi bwana yangu alisema kweli. Asante, mwanangu, umenifundisha."

Nilikata simu nikakaa ndani ya bridauni bila kuwasha. Yule niliyetaka kumkomoa nilikuwa nimempa ushahidi. Mkewe ndiye niliyemfunga.

Giaboksi nyingine hawakuipata kwa uwezo wao. Noah ikauzwa vipande vipande. Zile harusi akazipika kwa gari la kukodi, na kilichobaki mkononi kilikuwa hakitoshi hata kuni za harusi nyingine. Polepole wateja wakahamia kwa wapishi wenye usafiri.

Nilimwona mara moja tu tangu hapo. Nilikuwa nimevuta gari hadi Mbale, mwenye gari akaomba tupitie soko la Nakaloke. Mama Shamim alikuwa ameketi nyuma ya sufuria moja, anauza pilau kwa sahani. Mume alikuwa pembeni na ile suti, sasa imepauka magoti, anasoma gazeti la mtu. Akaniona, akaita, "Afande, umekuja kuona mkebe? Tumeshakula yote." Akacheka mwenyewe. Mkewe hakuinua kichwa. Njiani kutoka Jinja alikuwa amenisimulia juu ya mume huyo akicheka, mwachie neno. Siku hiyo alikuwa ameinama tu, anapakua.

Kisha akaniona. Uso ukamfunguka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akawageukia wanawake wenzake na yule mteja wangu. "Mnamwona huyu? Huyu alinileta kutoka Jinja na gari bovu, hakuniacha njiani, hakunidanganya. Mkiharibikiwa, mwiteni huyu."

Na wananiita. Nakuambia ukweli, wananiita kweli, wanasema Mama Shamim ametuambia wewe ni mtu mwaminifu. Nakwenda, nafungua propela kwanza, navuta vizuri. Hata juzi nimekwenda. Kumwambia bado.

Basi wewe mwenye gari la kusukumwa na nyuma, unayehama mbali, usikubali livutwe tairi hizo zikiwa chini. Liinuliwe nyuma na usukani ufungwe, au litolewe propela, au lipakiwe zima juu ya lori. Anayekuambia nyutro inatosha, mfukuze. Na akikuambia ni sawa kabisa, hii ni kazi yake, mtazame usoni, maana mimi niliyasema maneno hayo, kisha nikatafuna mandazi ya mwenye gari.

Na wewe fundi mwenzangu unayetukanwa: mtukane na wewe, mwache hapo hapo na gari lake, nenda zako. Ukitaka kumkomoa mtu kwa kazi ya mikono yako, kwanza uliza chombo ni cha nani. Mimi nilimdharau mwenye suti kwa kuogopa aibu mbele ya mama mkwe, na hadi leo naogopa mwanamke mmoja mwenye sufuria moja.