Mwenye Sinki Alinawa Nje

Nilikuwa nachambua maharage ya mbegu hapa kwangu Nemba, Biharamulo, simu ikaita, na jirani wa marehemu akaniambia bila kuzunguka: yule mama wa kijijini Mbuba ametutoka, njoo tumzike. Sikuuliza zaidi. Nilijifunga kitenge, nikapanda basi la kwenda Kabanga, njiani nikateremka na kumalizia kwa bodaboda. Mimi na marehemu hatukuwa ndugu, wala sitadanganya kwamba tulikuwa marafiki wa kuambiana kila kitu. Tulijuana sokoni Kabanga, mimi na maharage yangu, yeye na ndizi zake mbivu, tukakaa ubavu kwa ubavu miaka mingi kwa sababu kila mmoja wetu alitaka kuuzia mahali palipofagiliwa. Wasomaji wa safu hii mnanijua, simpambi mtu kwa kuwa amekufa. Alikuwa mbishi, na ulimi alikuwa nao. Lakini usafi wake haukuwa wa kuigiza, na usafi huo huo ndio uliomponza. Ndiyo maana naandika.

Mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Mwanza, alimjengea nyumba ya tofali za kuchoma yenye bafu la ndani. Humo aliweka sinki jeupe la kunawia, kioo ukutani, na chini yake kabati dogo la sabuni na taulo. Sasa sisi wanawake wa huku tumelelewa na sufuria. Sufuria ya mwanamke ikianikwa kichanjani, mpita njia anatakiwa aone uso wake humo, na kinachoing'arisha ni majivu, mchanga wa mtoni na mkono usio mvivu. Basi mwenzangu akaliingia sinki lile kwa majivu na mchanga kila asubuhi, kwa moyo wake wote. Sinki si sufuria. Ule ulaini wa juu ukaisha, ikabaki mikwaruzo, na maji yetu yenye udongo mwekundu yakajipenyeza humo yakakaa. Kadiri alivyosugua ndivyo lilivyozidi kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ndipo mwanawe akaja na mkewe na mtoto wao, mara ya kwanza tangu nyumba iishe. Mkwe akaingia kumnawisha mtoto, akatoka akauliza, "Mama, hili sinki huwa unalisafishia nini?" Yeye akajibu, "Kwa mkono wangu." Wakala, wakaongea, na jioni wakaaga wakaenda kulala gesti Ngara mjini.

Siku ya soko alinikuta nimeshatandika, akakaa bila hata kufungua tenga lake la ndizi. "Wamenikimbia kwa uchafu," akasema. "Mimi! Mimi wa kukimbiwa kwa uchafu!" Nikamuuliza, "Mkwe amesema hivyo?" Akasema, "Mkwe hasemi, anaondoka." Nikamwambia, "Basi muulize." Akanitazama kama nimevua nguo sokoni. "Mkwe haulizwi mambo kama hayo. Nyie wa Biharamulo mlilelewa na nani?" Nikamjibu kwamba sisi tulilelewa na watu wenye midomo. Akacheka, maana kucheka alijua, lakini kuuliza hakuuliza. Na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: mjukuu wake alale chini ya bati lake, aamke asubuhi pale pale, amwamkie shikamoo kabla hajanawa.

Alichofanya ni kwenda kwa mwanamke mmoja anayesafisha vyumba vya gesti pale Kabanga, akamwomba amfundishe. Akafundishika. Nilimtembelea nikamwona kwa macho yangu akifanya, na sijaona kazi iliyopangwa vile. Kwanza alitoa kila kitu, sabuni, kikombe cha miswaki, taulo, mpaka vya kabatini, akavipanga kwenye mkeka. Akaanzia juu, kwa kioo, akakifuta kwa kitambaa chenye unyevu kisha akakikausha kwa gazeti, kwa sababu vumbi la juu likishuka mwisho linakurudisha mwanzo. Akashuka kabatini, akafuta kona zote, akaacha milango wazi upepo uingie, maana unyevu ukifungiwa unaleta ukungu na mende. Koki yenye ule ukoko mweupe aliifunga kitambaa kilicholowa maji ya limau, akaiacha aendelee na mengine. Akaweka beseni chini ya sinki, akafungua lile bomba lililopinda, akatoa nywele na utelezi mweusi hata mimi nikaziba pua. Mwisho ndipo akaligusa sinki lenyewe, kwa sabuni ya maji na kitambaa laini, na shina la koki kwa mswaki uliochakaa. Majivu na mchanga, marufuku. Mikwaruzo haikuondoka, lakini lile sinki lilikuwa safi, na mimi sisemi safi kirahisi. Nikataka kunawa mikono nile. Akanishika mkono. "Nawa nje, kwenye dumu. Humu ni kwa wageni." Nikamwambia mimi ni mgeni. Akasema, "Wewe ni mtu wa sokoni."

Hilo tunalifanya wengi, si yeye peke yake. Siku hizi watoto wanatujengea nyumba zenye bafu ndani, nasi tunazifunga kwa ufunguo na kuendelea kuishi jikoni na uani. Tunafuta vumbi la kiti tusichokikalia. Tunatunza heshima ya mtu ambaye hajafika, na miili yetu wenyewe inazeeka nje kwenye baridi. Mwenzangu alinawa na kuoga kwenye kibanda cha mabati nyuma ya migomba, masika na kiangazi, miguu ikianza kumtetemeka. Wale wa Mwanza walikuja tena mara kadhaa. Sinki linang'aa, taulo jipya limekunjwa. Walikula, wakaongea, jioni wakaenda gesti. Naye kila walipoondoka alijua bado halijawa safi vya kutosha, akazidisha. Mwanawe, mwanaume mwenye ndevu, alikaa katikati ya wanawake wawili akanyamaza, akidhani kunyamaza ni busara.

Mvua za juzi ndizo zilizommaliza. Alikwenda bafu la nje kunawa uso, akateleza kwenye mawe yenye utelezi, akavunjika nyonga. Alilala hospitali, kifua kikamshika, hakurudi. Bafu la ndani siku hiyo lilikuwa kavu, limepigwa deki, liko hatua chache kutoka kitandani kwake.

Baada ya mazishi nilimkuta mkwe wake jikoni akiosha masahani, macho yamevimba. Mimi si mkwe wake, adabu ile hainifungi, nikamuuliza palepale. "Wewe mama, kwa nini mlikuwa mnakwenda gesti na nyumba ipo?" Akaacha sahani. "Bibi, mtoto wangu anakojoa kitandani. Tangu mdogo mpaka leo. Mama alikuwa msafi mno. Kwenye sinki lake hata yeye mwenyewe hakunawa, akiogopa lichafuke. Nikasema godoro lake nitaliangaliaje asubuhi? Na kila tulipokuja nyumba imezidi kuwa safi, ndivyo nilivyozidi kuogopa." Nikamkumbusha lile swali lake la siku ya kwanza. "Nilitaka nimletee dawa ya madoa," akasema. "Alivyonijibu, nikafunga mdomo. Mama mkwe haulizwi mara mbili." Nilikaa kwenye kigoda, nikaanza kukausha masahani. Marehemu alilea mwanawe, akafua mikojo ya wajukuu wa majirani zake wote. Angelianika godoro hilo kwenye nyasi na kuendelea na uji. Nadhani angefurahi hata, maana godoro lenye mkojo ni ushahidi kwamba mtoto amelala hapo.

Nasikitika, na sioni wa kumtupia lawama yote. Mmoja alisafisha ili avute watu, usafi wake ukawafukuza. Mwingine alikimbia ili asichafue, akaacha doa ambalo hakuna limau litakalolitoa. Wote wawili walikuwa na heshima tele na wote wawili waliona aibu, na kati yao hapakuwa na uadui hata wa kijiko. Palikosekana sentensi moja ya kawaida, ya kusemwa wakati wa kumenya ndizi, na adabu tuliyorithi ikawaziba midomo. Siitukani adabu hiyo, imenilea hata mimi. Lakini adabu inayomzuia mama kujua kwa nini mjukuu wake halali kwake, hiyo tuiangalie upya tungali hai. Wewe unayesoma hapa, kama mkwe wako anaondoka kila jioni na hujui sababu, mwite leo umuulize. Inawezekana atakujibu. Inawezekana atakununia. Akinuna, mwache anune, kesho utamuuliza tena.