Mdudu wa Mikia Mitatu

Mtaani walimwita Mama Chujio, kwa sababu asubuhi hakuonekana bila wavu mdogo begani na beseni jeupe kwapani. Kazi yake ilikuwa kupima afya ya kinamasi kwa kuangalia vijidudu vya majini. Aliingia hadi magotini, akavuruga matope kwa buti, akachota, akamimina kwenye beseni, akainama. Akikuta minyoo myekundu na ruba tu, alijua maji yamechoka. Aliyemtafuta ni mdudu mwembamba wa mikia mitatu, asiyevumilia uchafu hata kidogo.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ndege wa kinamasi hichohicho. Maji machafu ya kiwanda cha ngozi yalipoingia kinamasini, wadudu walikufa, korongo wakakosa chakula wakahama, naye akahamishiwa kinamasi kingine huko mbali. Tangu hapo ndoa yao ikawa ya simu. Jioni mume aliitoa simu dirishani ili mkewe asikie korongo wakilia, na mama wa watu alisikiliza akiwa amefumba macho, chumba kizima kikinuka buti zilizolowa.

"Hamia huku, mke wangu."

"Na haya maji nimwachie nani?"

Kiwanda kilibanwa mpaka kikachimba mabwawa ya kusafishia maji yake. Mama Chujio akaendelea kuchota. Msimu ukapita, na mwingine. Ndipo asubuhi moja, ndani ya beseni, kitu kikatikisa mikia mitatu. Alipiga simu palepale, maji yakimwingia butini.

"Amerudi!"

"Korongo?"

"Mdudu, baba watoto. Mdudu!"

Mume akaja likizo. Siku zote alikuwa mtu wa kutazama juu. Sasa aliinama, mashavu yao yakakaribiana juu ya beseni. Angani hapakuwa na hata bawa moja.

"Ndege wakirudi, nami nitarudi," alisema.

"Mimi sijakuuliza habari za ndege." Aliweka wavu kando. "Nakutaka wewe."

 Mume alichukua wavu, akachota mwenyewe, akamwaga nusu kabla ya kufika kwenye beseni. Wakacheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Likizo ilipokwisha aliondoka, ila alipitia kwanza ofisini akaomba uhamisho wa kurudi nyumbani. Jibu bado. Mama Chujio ameshasogeza nguo zake upande mmoja wa kabati, na kila pikipiki ikipunguza mwendo nje ya nyumba, moyo humruka.