Dumu Kati Yangu na Mama Mkwe

Kwa safari ndefu za pikipiki, mimi nilikuwa mtu wa kuulizwa. Naishi Tunduma, kazi yangu ni kuwapelekea vipuri na makaratasi madereva wa malori waliokwama njiani. Leo niko Vwawa, kesho Isansa, keshokutwa huko Kamsamba ambako ukiishiwa mafuta unaanza kuzoeana na wenyeji. Nilijifunza kujipanga. Kiti nilikiongezea kipande cha godoro, nikakivika ngozi ya kondoo. Kifuani naweka boksi la biskuti lililokunjuliwa, juu yake koti nimelivaa mbele nyuma, zipu mgongoni, upepo usipate pa kuingilia. Watu walinicheka sana, lakini wakishapigwa na baridi ya milima ya Ileje mara moja tu, wanakuja kwa upole kuniuliza boksi zuri ni la biskuti gani.

Kwenye mafuta ndiyo usiniguse kabisa. Tangi langu lilikuwa na ufa juu kidogo ya nusu, nimeuziba kwa sabuni ya mche, kwa hiyo sikuwahi kulijaza kupita hapo. Mafuta mengine nabeba kwenye dumu. Nazijua meza zote za vijijini zinazouza petroli kwenye chupa za maji ya kunywa, na najua nani anauza petroli na nani anauza petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba aliyefanya ujinga ninaousimulia hakuwa mgeni wa barabara.

Mke wangu ni mtu wa Ibaba, juu kabisa Ileje, familia ya wakulima na wazee wa kanisa. Mimi nimetoka Kondoa, Muislamu, nilikuja Tunduma kutafuta maisha kama wengine. Ndoa tuliifunga bomani, ili pande zote mbili zikasirike sawasawa. Mimba yetu ya kwanza mtoto alizaliwa ameshakufa. Siku ile mke wangu alikuwa peke yake na manesi. Mimi nilikuwa nje ya geti, mama yake alifika kesho yake jioni, tumeshazika. Hakumlaumu mtu. Ila mimba ya pili ilipoingia mwezi wa tisa aliniomba kitu kimoja tu, hakurudia mara mbili: safari hii haingii leba bila mama yake.

Jumamosi jioni uchungu ukaanza kumchezea. Nesi akampima, akasema bado, labda kesho mchana, aende nyumbani akatembee. Gari hazikuwa zinapanda Ibaba wiki ile kwa sababu mvua ilikuwa imebomoa kalavati. Mke wangu akanitazama akaniambia nimfuate mama yake mimi mwenyewe na pikipiki. Nikasema sawa, halafu nikaenda kukaa uani, nimeshika kichwa.

Tatizo lilikuwa heshima. Siku ya posa kaka yake mke wangu alinivuta pembeni akanipa darasa. Kwao, alisema, mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni, na hawasemeshani uso kwa uso. Neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Nikalishika. Na mimi nikishika kitu nimekishika. Kwa miaka minne sikuwa nimeuona uso wa mama mkwe wangu, nilimjua kwa miguu tu. Aliwahi kuja kututembelea, mimi nikatoka kwa dirisha la chumbani na kiatu kimoja. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Mkwe unampigia simu umwambie nini?

Sasa mtu kama huyo unampakiaje kwenye pikipiki? Nikampigia shemeji, wakati huo yuko Mlowo kwenye kahawa. Akafikiri, akakohoa, akasema niweke kitu katikati. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye dumu. Jamani, nilifurahi. Lita kumi za petroli, zimesimama wima kati ya mgongo wangu na kifua chake: mafuta ya akiba na ukuta wa adabu kwa wakati mmoja. Nilimkatia nusu ya godoro langu akalie. Vioo vya pembeni nikavigeuzia mashambani, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Kifuniko cha dumu kilishapotea zamani, nikaziba kwa gunzi la mahindi lililofungwa nailoni, kama kila mtu anavyofanya huku. Nililala nikijiona mimi ndiye mimi.

Jumapili alfajiri nikaondoka. Pale kwenye kalavati ikabidi nizunguke kwenye mashamba ya watu, gia namba moja, tope mpaka kwenye vikanyagio. Tangi likanywa kuliko kawaida yake, ila sikujali, dumu si lipo? Nikafika Ibaba wakati jua linatoka kwenye ukungu. Mama mkwe alikuwa ameshapewa habari na mwanawe. Niliona gambuti nyeusi, pindo za vitenge viwili, na kuku wa supu ya mzazi amebanwa kwapani. Jirani mmoja akasimama katikati yetu, akapokea salamu zangu na kumpa yeye, akapokea zake na kunipa mimi. Lakini jirani hapandi pikipiki. Tulipoondoka tukabaki watatu: mimi, yeye na kuku.

"Kuku," nikasikia nyuma ya dumu, "mwambie anayeendesha kwamba tuko tayari."

Nikamwambia kuku amwambie mama ashike chuma cha nyuma. Mpango ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa.

Mteremko wa kwanza una mashimo kama ya kupandia migomba. Tulipoyapita nikasikia mama anamwambia kuku kwamba anaona kuku analowa. Nikatazama mbinguni, mvua hakuna. Kidogo tena, akamwambia kuku kwamba hiki kinachowalowesha si maji. Baadaye sauti ikapanda, akamuuliza kuku kama huko kwao Tunduma watu hawana pua. Mimi nikakaza macho mbele. Nilichofundishwa ni kwamba anayesema na kuku anasema na kuku, kuingilia ni utovu wa adabu. Harufu niliisikia, nikajiambia petroli lazima inuke. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba kuku wa Ibaba alikuwa anaongeleshwa Kiswahili, tena Kiswahili cha polepole, wakati kwa kawaida angesemeshwa Kindali. Nikaona labda ni kuku wa kununua.

Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazima, katikati ya kijiji kimoja kwenye kona. Nikashuka bila kugeuka, nikalifungua dumu nikiwa nimelitazama dumu peke yake. Gunzi halikuwepo. Dumu lilikuwa jepesi kama limetoka dukani. Lita kumi zote zilikuwa zimegawanyika kati ya barabara ya Ileje na vitenge vya mama mkwe wangu. Nikailaza pikipiki ubavu huu, nikailaza ubavu ule, nikapuliza ndani ya tangi mpaka kizunguzungu. Hakuna kitu.

Sikuogopa, kijiji kile nakijua, kina meza mbili za chupa. Meza ya kwanza ilikuwepo, chupa tupu ya tangazo ipo, mlango umefungwa kwa kufuli. Meza ya pili vilevile. Kijiji chote kimya, hata mtu wa kuvuta sigara humwoni. Nikasimama pale nikiwa siamini, kengele ikalia kwenye kanisa lililo juu ya barabara. Ndipo nikakumbuka kwamba ni Jumapili. Mimi Ijumaa siisahau hata nikiwa usingizini, lakini Jumapili zangu zote huwa nipo barabara kuu, ambako vituo vya mafuta haviendi kanisani. Katika mipango yangu yote ya boksi na godoro sikuwahi kuiweka Jumapili.

Nikabeba dumu nikapanda kanisani. Nikaingia na koti langu nyuma mbele, boksi la biskuti linachungulia shingoni, dumu mkononi. Kumbe ilikuwa siku ya kutoa mavuno. Mzee wa kanisa akanijia kwa tabasamu, akalipokea dumu kwa mikono miwili, akalipeleka mbele na kuliweka kati ya mikungu ya ndizi na debe la maharage. Alipoliona lilivyo jepesi alinigeukia kwa huruma, akanionyesha nafasi kwenye benchi. Nikakaa. Ungefanya nini? Kwaya ikasimama, na mimi nikasimama.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni dada wa jirani yetu, yule aliyebaki na mke wangu. Maumivu yamekaribiana, alisema, wako kituo cha afya, na mke wangu amegoma kuingia ndani. Amekaa kwenye benchi la nje ameshikilia nguzo, anamsubiri mama yake.

Nilitoka nikikimbia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye jiwe, amenipa mgongo kama inavyotakiwa, kuku mapajani. Nikasimama hatua tano nyuma yake.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama kwamba mwanawe..."

Akageuka. "Kuku hana mtoto Tunduma," akasema. "Niambie mimi."

Ndiyo mara ya kwanza nilipouona uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu, ulioongezwa miaka, na ulikuwa unalia. Nikamwambia. Maneno yalitoka ovyo, nguzo, benchi, amegoma. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza wakati mafuta yanamwagika, yeye alishasema mpaka akachoka. Nikamjibu kwamba nilifundishwa hivyo. Akauliza na nani. Nikasema na mwanawe, shemeji yangu.

 Akanieleza kwamba kwao heshima ya mkwe ipo, hamuwezi kula sahani moja wala kukaa kiti kimoja, lakini kusema watu wanasema. Mwanawe alikuwa amenipa mambo ya babu yao ili aonekane anajua. Na yeye, alipoona natoka dirishani, alidhani ni dini yetu iliyo kali. Akaona asinivunjie. Miaka minne alikuwa anajificha kwa ajili yangu, na mimi najificha kwa ajili yake.

"Ile mimba ya kwanza nilijua uchungu umeanza," akasema. "Nilifunga mzigo asubuhi. Nikasubiri uniite, nisije nikaingia kwako bila kuitwa. Nilisubiri mpaka giza."

Nikamwambia sikuwa na namba yake. Halafu nikamwambia ukweli wenyewe, kwamba hata ningekuwa nayo nisingepiga. Nilisimama nje ya geti siku ile nimeshika simu, nikiona kwamba kumwita mama mkwe ni kumkosea.

"Basi tulimwacha peke yake," akasema. "Mimi na wewe, kwa adabu."

Niliumia. Nilikaa chini pale barabarani nikahisi boksi la biskuti linanibana kifua, na ningeweza kulia palepale kama ningeachiwa nafasi. Hakuniachia. Alinitupia kuku, akapanda kanisani na gambuti zake, vitenge vinachuruzika. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alipita katikati ya watu wakati kwaya inaimba, akalichukua dumu kutoka kwenye ndizi, akauliza kwa sauti nani hapa anauza petroli. Mwalimu wa kwaya, mikono ikiwa hewani, akashusha mmoja, wa pili akaubakisha hewani: ni yeye.

Alikuja na joho lake jeupe, anakimbia amelishika pindo. Petroli aliitoa uvunguni mwa kitanda, chupa nne, akatumiminia kwa chupa iliyokatwa kitako. Kule juu kwaya haikujua iendelee vipi bila yeye, ikawa inaurudia ubeti uleule, mara sita au saba, mpaka tukawasha.

Dumu nilitaka kulifunga tena katikati. Mazoea. Mama akaninyang'anya akaliacha kwenye meza ya mwalimu, akamchukua kuku akamfunga miguu na kumning'iniza kwenye usukani wangu, akapanda na kunishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Mpaka Isongole alinishika hivyo, mpaka Mpemba, na hakunyamaza. Alinikaripia kwenye kona, aliniambia pita hapa, usipite hapa, kwani hilo lori hulioni, baba, ongeza mwendo. Sikuwahi kukaripiwa kwa raha kama ile.

Tulipofika kituoni benchi lilikuwa tupu.  Dada wa jirani akasema manesi wamemwingiza kwa nguvu, si muda mrefu, huko ndani hataki kusukuma. Mama akaenda mlangoni, nesi akamzuia kwa mkono. Hawezi kuingia, ananuka petroli, atawalipua wote. Mama hakubishana. Alifungua kitenge cha kwanza kikaanguka, akafungua cha pili kikaanguka, akavua gambuti, akabaki na gagulo na blauzi ya kanisani mbele yangu mimi mkwe wake na mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Sikugeuza uso. Nesi akasogea pembeni.

Nikazunguka nyuma ya jengo, kwenye dirisha la leba, ambako mwanaume haruhusiwi kusimama. Nikasimama na kuku wangu mkononi. Nilisikia mke wangu anaita mama, mara moja, na baada ya hapo kilio chake kikabadilika, kikawa cha mtu anayefanya kazi. Nesi mwingine akaniona kwenye vioo, akapaza sauti kwamba kuna mwanaume dirishani, aondolewe haraka.

"Mwacheni hapohapo," mama mkwe wangu akasema. "Huyo ni mwanangu."

Waliniacha. Nilikuwa nimesimama palepale mtoto alipolia.