Mihogo Michungu Karibu na Oraba

Alasiri ile nyumbani Koboko tulikuwa tukimenya mihogo michungu. Mama alinicheka: "Wewe namenya hivi, mbuzi ndio itashiba." Mihogo ile haitaki pupa. Sharti uiloweke siku kadhaa, uianike, ndipo uisage; ukiharakisha, inaua. Mama hakuwahi kuikosea.

Kabla jua halijazama, bunduki zilianza kulia upande wa Arua. Tukakimbilia porini: mama, shangazi, mimi, na mdogo wangu Zubeda, aliyekuwa bado ananyonya kidole. Tulitaka kuvuka mpaka kwenda Sudan, lakini barabara ya Oraba, iendayo huko, ilijaa askari. Tukajificha kwenye nyasi ndefu.

Kupika kulitutia hofu kuliko njaa yenyewe. Usiku mwali wa moto unakuchongea, mchana moshi. Basi tulipika alfajiri, ukungu ungali mzito, ndani ya kishimo, kwa vijiti vikavu kabisa. Siku moja tuling'oa mihogo katika shamba lililoachwa. Ilikuwa michungu. Mama aliikata vipande vidogo, akaichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akatia mengine.

Upepo ukaondoa ukungu.

"Moshi iko naonekana," shangazi alinong'ona. "Zima."

"Mihogo bado kuiva," mama akajibu.

"Zima! Watu iko kwa barabara."

Mama aliufukia moto kwa udongo. Tukasikia viatu, kisha wanaume wakicheka. Walisimama.

Zubeda akaanza kulia kwa njaa.

Mama alimziba mdomo, lakini mtoto akajinasua. Mama akatutazama, akatia mkono ndani ya sufuria, akampa kipande. Kisha kingine. Mtoto akatafuna, akanyamaza.

Askari walipita.

Adhuhuri Zubeda alitapika, miguu ikalegea, pumzi ikawa nzito. Tulimzika kabla ya magharibi, sanda yake leso aliyojitanda shangazi. Giza lilipoingia tukavuka barabara.

Miaka mingi baadaye, tuliporudi Koboko, mama alikuwa akiuliza ghafla, hata mbele ya wageni: "Ningeacha yeye alie?" Wageni walidhani uzee umemchanganya. Shangazi, ambaye kwa maneno hana mpinzani, kila mara aliinuka akaenda jikoni. Mimi pia nilinyamaza, na bado inaniuma. Nina watoto sasa, na wajukuu. Wote wamezaliwa kwa sababu mdogo wangu aliacha kulia. Ningemwambia nini mama?