Anayebisha Nje ya Meli

Mimi sipendi kitu kisicho na jibu. Bomba likivuja nataka kujua ni wapi, mpangaji akilia nataka kujua ni nani amemliza, na nikianza kusikiliza hadithi nataka mwisho wake. Marehemu mume wangu, baba Chege, alizoea kuniambia, "Gathoni, huo mdomo utakuponza siku moja." Uliniponza kweli, na ni kwa sababu ya Nelima.

Nelima ni mpangaji wangu, chumba cha nne, hapa Kawangware. Alihamia hapa kutoka Kisumu Ndogo, kule Kibera, miaka mitano iliyopita, vitu vyake vyote kwenye mkokoteni mmoja. Ni msusi. Kibanda chake cha mabati kiko ndani ya ploti yangu, kando ya geti, na wateja wake wa Kibera bado wanamfuata mpaka huku, wanapita wasusi kumi njiani. Si kwamba anawashinda wote kwa kusuka. Wanafuata hadithi.

Rasta ndogo ndogo huchukua saa tano, na mtu hawezi kukaa saa tano akiangalia bati. Basi Nelima husimulia. Kuna meli ya angani inayoitwa Mulembe. Ndani yake wako watu kumi na wawili, wanaenda mbali na jua kutafuta mahali pa kuishi. Mpishi wao hulima sukuma wiki kwenye mikebe. Kapteni ni mwanamke mwenye hasira, anatembea na funguo nyingi kiunoni. Watu hucheka wakiniangalia, na mimi hujifanya sisikii.

Sasa, kila jioni watu wa meli wakiketi kula, kuna anayebisha kwa nje. Ko, ko, ko. Huko nje hakuna hewa wala nchi ya karibu. Huwasha taa zote na hawaoni kitu. Miaka imepita hivyo, na Nelima hasemi ni nani.

Hilo lilituletea vita. Becky, msichana wa chuo, alisema, "Nelima, huyo msee ni nani? Usiposema mimi nahamia msusi mwingine, haki ya nani." Simeon wa bucha, ambaye hata nywele hana, alikuwa akija kusikiliza tu. Alimjibu, "Ukishaambiwa, kesho utarudi kufanya nini?" Mimi nilikuwa upande wa Becky. Nilisema wazi kwamba Nelima mwenyewe hajui, maana mtu anayejua husema.

Nilijua alikuwa na mume. Anaitwa Murunga, alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la kwenda Juba. Miaka sita iliyopita lori lilirudi bila yeye. Dereva alisema walisimama mpakani, Murunga akaenda kununua maji, wakamngoja siku mbili. Alitafutwa hospitalini, akatafutwa kwa polisi, hakuonekana mzima wala maiti. Nelima amebaki na simu yake ndogo ya vitufe, kabambe, yenye ile laini Murunga anayoijua, na haijawahi kuzimika kwa kukosa chaji. Siku moja nilimwambia, "Asiyekuwapo na lake halipo. Wewe bado kijana, olewa." Alinisusia wiki nzima.

Halafu Agosti iliyopita, Jumamosi mchana, akaja baba mkwe wake, Mzee Mukhwana, kutoka Chwele. Nilikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, na alitukuta Nelima akisimulia jinsi watu wa meli wanavyobishiwa. Kwao baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe, hamshiki mkono, wala hawaketi pamoja. Kwa hiyo mzee aliomba kigoda, akakaa nje ya kibanda akitugeuzia mgongo, na maneno yote akayapitisha kwangu.

"Mama Chege, nisaidie kumwambia. Mwezi wa kumi na mbili tunazika."

"Mnazika nani?"

"Murunga. Mtu wetu akipotea hivi, tunakata mgomba tunauzika mahali pake. Mama yake halali, anasikiliza mlango usiku kucha. Nataka apumzike. Lakini mke lazima awepo."

Mikono ya Nelima ilisimama kichwani mwangu. "Mama Chege, mwambie baba kwamba Murunga akishazikwa, siku akirudi hatakuwa na nyumba ya kuingia. Atakuwa mfu mbele ya watu wake."

Mzee alichora mchangani kwa kiatu. Nelima alirudia kusuka. Na mimi kimya hunikera kuliko kelele, basi nikafungua huu mdomo wangu. "Wacheni hayo kidogo. Nelima, endelea na hadithi. Na leo useme anayebisha ni nani. Ni mtu au ni mzimu? Sema tujue moja."

"Unataka niseme, Mama Chege?"

Sauti haikuwa yake. Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mjinga wa miaka yote hiyo. Akisema ni mtu, anamdanganya mzee kwa jambo asilolijua. Akisema ni mzimu, amemzika mumewe kwa kinywa chake mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimuonea huruma, na nilijionea aibu.

Aliyetuokoa ni mzee. Alisema bila kugeuka, "Mama, muulize. Hao watu wa meli, mbona hawamfungulii?"

"Mwambie baba huko nje hakuna hewa. Mlango ukifunguliwa wote watakufa."

"Sasa wanafanya nini?"

Hilo hakuwa ametusimulia kamwe. Alisuka mstari mmoja mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Wanagonga na wao, kwa ndani. Mara tatu. Ili kama ni mtu, ajue kwamba wapo."

"Na kama si mtu?"

"Watakuwa wamepoteza nini? Wanagonga, halafu wanakula. Mwambie baba wanakula vizuri. Wanalala, wanacheka, mpishi hata ameoa."

Mzee alivua kofia akajifuta uso nayo. Safari hii nilinyamaza, Mungu shahidi.

"Mama Chege," alisema mwishowe, "mwambie mke wa mwanangu mgomba hautakatwa. Nikiwa hai, hautakatwa. Mama yake nitamsimulia hii habari ya meli. Labda naye atakula, alale."

Aliinuka, akakataa chai, akatoka na kulifunga geti nyuma yake. Nilidhani ameenda. Kisha tukasikia chuma. Ko, ko, ko.

Nelima alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili, analia na kucheka. Kwa hiyo niliinuka mimi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, nikatoa funguo kiunoni, nikagonga geti langu mwenyewe kwa ndani. Mara tatu. Upande wa pili mzee alikohoa kidogo, halafu nikasikia viatu vyake vikielekea steji ya matatu.

Nilirudi kwenye kiti.

"Endelea," nikamwambia Nelima. "Na ole wako uniambie ni nani."