Usiyatume Maji Yakusemee

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu Akoth, iko moja ambayo hainitoki kichwani: siku ambayo Mzee Njoroge alifunga mlango wa maabara, akavuta kiti, akaniuliza mama yangu anaendeleaje. Mzee huyo alikuwa mkuu wetu kazini na hakuwa mtu wa kuuliza habari za nyumbani. Akikusalimu asubuhi ulijua yuko katika siku yake nzuri. Basi alipouliza habari za mama, nilijua kuna jambo.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia kwamba mnapima tena zile chemchemi za maji ya moto chini ya vilima vya Homa, pale pale nilipozaliwa. Ukasema chupa nyingi mlizojaza zimetoa majibu ya chini, ila moja imetoa majibu mazuri sana. Nayo sauti yako ikabadilika. "Mama, nikiishikilia hiyo moja, wakubwa wanaweza kukubali kuchimba kisima cha mvuke. Wakichimba nitahamishiwa huko, nitakuwa nakuja kwako Uriri kila wikendi." Mimi nikakuambia tutaongea baadaye, ng'ombe ameingia kwenye mahindi. Ng'ombe hakuwa ameingia popote. Yule tuliyemnunua mnadani Ogwedhi alikuwa amelala mbele yangu anacheua, ananiangalia nikidanganya. Nilikata simu kwa sababu nilijisikia mwenyewe nikiongea, miaka ile, kwa sauti hiyo hiyo.

Nimekaa nayo tangu juzi, na leo nimekupigia nikuambie yote, polepole. Chukua chai.

Unajua nilikulia kando ya yale maji. Mama yangu, dani yako ambaye hukumwona, alifulia nguo zangu za shule huko, na nilipoenda shule ya bweni Asumbi wasichana walisema sare yangu inanukia magadi. Niliona aibu muhula mmoja. Muhula wa pili nilikuwa naificha blauzi moja bila kuifua, ili usiku niinuse. Baadaye nikasomea mambo ya ardhi na joto lake, nikaajiriwa kule Bonde la Ufa kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, kisha baba yako akanioa akanileta hapa Uriri, alikokuwa akifundisha. Kwa hiyo nikawa mtu wa pande mbili, kazi kule na ndoa huku, na kwa mama nikawa mgeni.

Hapo ndipo palikuwa na uchungu wangu. Baba yangu alikuwa ameshafariki, ndugu yangu yuko Kisumu na mambo yake, na mama alikuwa peke yake na miguu iliyovimba. Na wewe unajua mila yetu. Binti aliyeolewa akienda kwa mama yake siku mbili ni mgeni, anachinjiwa kuku. Akikaa wiki ya pili watu wanaanza kuuliza amefukuzwa lini. Baba yako hakuwa na neno, lakini mimi niliogopa midomo ya watu, tena niliogopa sana, kwa ajili yake na kwa ajili ya mama. Nilikuwa natafuta sababu ya kwenda kwetu ambayo hakuna mtu angeweza kuitilia shaka. Kazi, kwa mfano. Mtu akitumwa na kazi hakuna anayemuuliza kitu.

Basi fikiria furaha yangu ofisi iliposema inataka kuzichunguza chemchemi za huku ziwani, na mimi nikatumwa kwenda kuchota. Nilifika na gari la kazi na masanduku ya chupa. Mama alinibebea kiti hadi kando ya maji, kiti cha wageni, akakaa pembeni akiwaeleza majirani kwamba huyu ni msichana wake, amekuja kuangalia kama chini kuna stima. Sikuwa nimeona uso wake umefurahi namna ile tangu msiba wa baba. Nami niliona yote mbele yangu: kambi itajengwa hapo, nitapewa nyumba hapo, jioni nitatembea hadi kwa mama na hakuna atakayefungua mdomo.

Wewe unaijua hii kazi, lakini nitaisema ili nawe uisikie upya. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa hadi penye mawe ya moto. Huko chini huyeyusha kitu cha mawe kiitwacho silika, na penye moto mkali zaidi huyeyusha zaidi. Yakianza kupanda hupoa njiani, lakini silika ile hubaki ndani yake kwa muda. Kwa hiyo sisi huku juu tunapima silika na kujua maji yalikuwa na moto kiasi gani kule yalikotoka, hata kama yametufikia yakiwa na joto la kuogea tu. Nilipenda sana jambo hilo nikiwa msichana. Niliona maji ni kama mimi, nimepoa juu lakini nimetoka penye joto.

Majibu yalitoka ya wastani. Chupa baada ya chupa, joto la kiasi, si la kuzungusha mitambo ya umeme. Ila chupa moja ilitoa majibu makubwa. Niliitazama ile namba nikaona nyumba yangu kando ya maji imekwisha kuezekwa.

Nilijua kwa nini ilikuwa kubwa. Kizibo cha chupa ile hakikuwa kimekazwa vizuri, na barabara ilikuwa mbaya na jua kali. Maji yalikuwa yamepungua njiani, na kilichobaki kikawa kizito. Nilijua kwa sababu kloridi yake, yaani chumvi iliyomo, nayo ilikuwa imepanda kwa kiasi hicho hicho, na joto la chini ya ardhi haliipandishi kloridi namna hiyo. Lakini nilianza kuandika ripoti nikiisifu ile chupa. Sikuandika uongo, mwanangu. Nilikuwa natafuta tu maneno mazuri ya kuitanguliza mbele na kuziacha nyingine nyuma. Sijafika mbali Mzee Njoroge akafunga mlango.

Nilimjibu kwamba mama ni mgonjwa wa miguu na yuko peke yake. Kisha akaweka kidole kwenye ile namba.

"Na kloridi umeiona?"

"Nimeiona, Mzee."

"Kwa hivyo unajua hii chupa ilikauka njiani."

"Najua."

"Basi sikiza, binti. Kama una hamu na mama yako, kuja kwangu useme una hamu na mama yako, nikupe ruhusa uende. Usiyatume maji yakusemee. Maji hayana mama."

Nilikasirika. Nilimwambia kwa adabu, lakini nilimwambia, kwamba kwake ni rahisi, mama yake anakaa karibu na anamletea uji Jumapili. Hakunijibu kwa hasira. Aliniuliza kama nawajua majirani wa mama. Nikasema nawajua wote. Akaniuliza kisima kikichimbwa pale, ni nani watakaoambiwa wahame wapishe njia na mabomba. Nikaanza kuwataja mmoja mmoja, mama yule aliyenifundisha kusuka, mzee yule mwenye mbuzi, na kabla sijamaliza nikaiweka kalamu chini. Watu hao wangeng'oa nyumba zao na kuacha makaburi yao kwa ajili ya shimo la maji ya uvuguvugu, na mimi ndiye ningekuwa nimewaambia kuna moto.

Niliandika ilivyokuwa. Chupa ile niliitoa nikaeleza sababu. Ofisi ikanishukuru kwa ripoti na kuziweka kando chemchemi za kwetu, wakaelekea kwingine kwenye moto zaidi, na nyumba yangu ya kando ya maji ikaishia hapo. Nililia, sitakuficha. Nililia kama mtu aliyefiwa, na wenzangu walidhani nimepokea simu mbaya.

Kisha nikaenda kwa Mzee nikasema nina hamu na mama yangu. Ilikuwa ngumu kuyatamka maneno hayo, mtu mzima na shahada yake, mbele ya mwanamume ambaye hata hapendi kusalimiwa. Akatia sahihi ruhusa bila kuinua kichwa.

Nilimkuta mama kule kwenye maji, ametumbukiza miguu kwenye mfereji mdogo aliouchimba mwenyewe, sketi imekunjwa magotini. Nilivua viatu nikakaa kando yake, nikatia miguu yangu karibu na yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nipande basi. Nikamweleza kwamba tumepima, na maji haya hayana moto wa kutosha, kwa hiyo kambi haitakuja, na mimi sitahamishiwa hapa.

Alisugua goti lake kwa muda, akitazama ziwa.

"Kwa miguu yangu yanatosha?"

"Yanatosha, Mama."

"Basi hayana makosa." Akanigeukia. "Na wewe, nyathina, mwanangu, ulikuwa unangoja yachemke ndiyo uje?"

Nikasema watu wangeongea. Akacheka, akasema wacha waongee, hata yeye huwa anawaongelea. Jioni hiyo alinipikia mboga za kienyeji zilizolainika kwa magadi ya pale pale, na tukala tukiwasengenya nusu ya kijiji. Nilikaa ruhusa yangu yote. Kweli waliuliza nimeachwa lini, na mama akawajibu kwamba nimeachwa asubuhi na nitarudiwa Ijumaa.

Baada ya hapo niliomba ruhusa kila ilipowezekana. Nilikwenda bila gari la kazi, bila masanduku, mikono mitupu na mkate mmoja. Hazikuwa siku nyingi. Alifariki msimu wa mvua, na mfereji wake ukajaa matope. Hadi leo nikitia miguu kwenye maji ya moto hapa jikoni naitazama miguu yangu naona nafasi ya miguu yake kando. Nina hamu naye, Akoth. Nilidhani umri ungeituliza hamu hiyo, lakini imezeeka nami, na asubuhi huamka kabla yangu.

Sasa nije kwako. Ichunguze ile chupa yako. Tazama kloridi, tazama kizibo, uliza ilikaa wapi njiani. Rudi ukachote tena kama unaweza, labda majibu yatakuwa makubwa kweli, na hapo nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini kama nyingine zote zinasema joto ni la kiasi, andika la kiasi, na uliandike kwa heshima. Joto la kiasi si kitu cha kutupa. Unawajua kina mama wa ufuoni wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, mvua inanyesha wiki nzima, omena inaoza wakitazama. Waambie wakubwa wako kuna joto la kukaushia omena. Hiyo nayo ni kazi ya kisayansi, na hakuna atakayehama kwa ajili yake.

Na kuna jambo lingine, ambalo nimelizunguka tangu nianze. Uliposema utakuwa unakuja kila wikendi, niliweka simu chini nikaenda chumbani kwako. Nikatoa godoro nje juani. Nikasimama pale nalipiga vumbi, na nikajikuta naiombea ile chupa iwe ya kweli. Mimi, niliyefundishwa na Mzee Njoroge. Nyumba hii ni kubwa kwangu tangu baba yako afariki, na jioni naweka sahani ya pili mezani kwa mazoea, naiondoa. Kwa hiyo usidhani nakupa ushauri huu kwa sababu sikuhitaji. Nakuhitaji sana. Lakini sitaki uletwe na namba ambayo utaiogopa kila utakapopita mbele ya majirani wa dani yako.

Wewe umeolewa Nakuru, najua, na najua huku watauliza. Waache kwangu. Nina majibu niliyorithi.

Mwanangu, mkono wako usitetemeke unapoandika. Macho yako yaone kilichomo ndani ya chupa, na moyo wako useme wenyewe unachotaka, kwa mdomo wako, kwa watu wenye masikio. Mungu wa baba yako na wa dani yako akutangulie barabarani, mvua ikupishe, upate kiti cha dirishani. Godoro limeshakauka. Ukija, usije na sababu. Njoo na nguo za kubadilisha.