Pini ya Mtandio na Kuku Watatu

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, nilipoingia uani kwa dada kocha na mtoto wake mgongoni mwangu, nikaona beseni la maji ya moto na kuku watatu hawana vichwa.

Dada kocha ni mtu wa Kenya, huko bara karibu na ziwa. Alikuja hapa Kilindoni na mumewe, anayefanya kazi kanisani, na tumbo la miezi saba. Mtoto akazaliwa hapahapa Mafia. Yeye ndiye aliyeanzisha timu ya vijana ya kanisa. Vijana wa kanisani wenyewe walikuwa saba, tena mmoja ana pumu, kwa hiyo waliobaki aliwachukua kwetu, watoto wa Kiislamu. Kaka yangu ni beki. Mimi sichezi. Kazi yangu ni kumbeba mtoto wakati wa mazoezi, na naipenda kwa sababu mtoto haulizi maswali.

Mama alipotoa ruhusa alisema maneno mawili tu: "Mpira hauna dini. Nyama ina dini."

Kwetu hata Mkristo akiwa na sherehe humwita Mwislamu ashike kisu, ili wageni wote wale. Hakuna anayefundishwa, mtu hukua akijua. Dada kocha hakukulia hapa. Jioni hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho, na wazazi wote walikuwa wamealikwa chakula baadaye. Alikuwa ananyonyoa manyoya huku anaimba.

"Nimewachinja mapema," akaniambia, "mtoto akilala nipike. Wazuri, eh?"

Nikasema, "Eh."

Ndivyo nilivyo. Darasani niliwahi kukaa kipindi kizima na kalamu isiyoandika kwa kuogopa kuomba nyingine. Nikaenda kibarazani. Nikinyamaza, watakula, kesho habari itafika kila nyumba, na wazazi watawatoa watoto wao. Timu ibaki na wachezaji saba na pumu. Nami mtoto sitabebeshwa tena. Nikisema... lakini kusema ndiko kulikonishinda.

Nikachana ukurasa wa daftari hilihili ninaloandikia. "Dada, samahani. Hawa kuku kwetu ni kibudu. Wachezaji hawawezi kuwala." Nikachomoa pini ya mtandio wangu, nikaibana karatasi mgongoni mwa fulana ya mtoto, nikamweka chini. Ana miezi minane. Maji ya beseni yalikuwa yameshapoa, vinginevyo nisingethubutu. Akatambaa moja kwa moja hadi kwa mama yake.

Akaisoma karatasi. Kisha: "Woi! Kibudu! Ni ugonjwa gani huo? Na nimewashika na mikono!"

Akanijia mbio, manyoya hadi viwikoni, mtoto kwapani. "Inaambukiza? Na hii pini, wewe, ungemdunga!"

Kicheko kikanitoka bila kutaka, na baada ya kicheko kusema kukawa rahisi kidogo. "Si ugonjwa, dada. Ni mnyama ambaye hakuchinjwa kwa sheria yetu."

"Lakini nimechinja!"

"Umechinja wewe."

Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akawatazama kuku. Nilidhani atalia. "Karibu mwaka mzima naishi hapa," akasema, "na hakuna mtu ameniambia."

"Hukuwahi kutualika chakula, dada." Sijui lilitoka wapi neno hilo. Niliona haya papo hapo.

Akapangusa manyoya mikononi. Halafu akauliza, "Na samaki? Samaki anachinjwa na nani?"

"Samaki hachinjwi. Wa mtu yeyote analiwa."

"Mungu ni mwema! Shika mtoto."

Akaenda pwani mwenyewe, akarudi na changu ndoo nzima. Nikamwita Mama, akaja kumsaidia, kabeba sufuria yake kichwani. "Yangu haijaingia kuku," dada kocha akamwambia. Mama akasema, "Najua, mwanangu. Lakini tumia hii, wasipate la kusema."

Jioni tulifungwa mbili kwa moja. Kabla ya kula dada kocha akasimama mbele ya wazazi, akaeleza yote: "Kuku niliwachinja mimi, ni wa watu wa kanisani. Wali na samaki ni wa wote." Nilitazama chini. Baba wa golikipa ndiye aliyejibu.

"Kocha, siku nyingine kisu niite mimi. Wewe shughulika na hao mabeki, maana leo waliochinjwa ni sisi!"

Watu wakacheka, kaka yangu akajificha nyuma ya sahani. Hakuna mzazi aliyemtoa mtoto wake kwenye timu. Mimi nilikula sahani mbili, na sikumbuki kushiba vile tangu mfungo uishe.

Asubuhi yake, Jumapili, nilikwenda kwao kabla hawajaondoka kwenda kanisani. Nilisimama mlangoni, mtandio nimeushika kwa mkono chini ya kidevu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeniletea barua?"

"Hapana," nikasema. "Naomba pini yangu."